Kuugeukia Ukuta

Mwezi uliopita, nilipokuwa nikifundisha mashairi ya mapenzi katika kidato cha tatu, msichana mmoja akaaye safu ya nyuma alinyosha mkono, akaniuliza swali ambalo halikuwamo kitabuni. "Mwalimu," alisema, "mtu akikunyamazia, hamjagombana, wala hajakwambia amekuchoka, ila amenyamaza tu, je, huyo amekuacha au hajakuacha?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Niliitazama saa yangu, nikasema kwamba swali hilo tutalirudia siku nyingine, kisha nikageuka kuandika ubaoni hesabu ya mizani. Katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyelijua jibu kuliko mimi, na hiyo ndiyo sababu niliyokimbilia mizani.

Nina deni, basi, na karatasi hii ni malipo yake.

Lugha yetu haikupungukiwa na maneno ya ghadhabu za wapendanao. Mtu anaweza kununa, akavimbisha mashavu. Anaweza kususa, akakataa kwenda aendako mwenzake. Anaweza kuzira, akakiacha chakula kilichokwisha kupakuliwa. Vitendo hivi vyote vina sauti, maana anunaye hutaka aulizwe ana nini. Walakini yuko mtu mwingine, asiyenuna wala kususa. Akisemeshwa hujibu, panapochekesha hucheka, akipewa chakula hula; lakini moyo wake umeondoka, kama mpangaji aliyehama usiku akaacha taa inawaka. Sijui mtu huyo tumwite nani. Najua tu kwamba mwaka 2020 alikuwa mimi.

Nalikuwa na umri wa miaka 28, mwalimu katika shule ya mtu binafsi upande wa Kawangware, na nilipanga chumba Kangemi. Mchumba wangu alifanya kazi katika duka la vitambaa katika Mtaa wa Biashara, katikati ya Nairobi, akikaa na dada yake Uthiru. Siku za Jumamosi, alasiri, nilimngojea nje ya duka, tukaenda pamoja bustani ya Jeevanjee, tukanunua karanga za shilingi ishirini, tukakaa kuwasikiliza wahubiri na wabishi wa siasa, watu ambao bustani ile haiwakosi. Jua likipungua tulipanda matatu moja, kwa kuwa njia yetu ilikuwa moja: Westlands kwanza, kisha barabara ya Waiyaki kuelekea magharibi. Mimi nilishuka Kangemi, yeye akaendelea mbele, na kila mara alichungulia dirishani mpaka nikapotea machoni pake. Aliniita Mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha kuonana mara moja, nami nilikuwa nikiweka akiba ya mahari, niipeleke mwezi wa Agosti.

Tarehe 15 Machi 2020 ikatangazwa kwamba shule zote za Kenya zifungwe kwa sababu ya maradhi ya korona. Walimu walioajiriwa na Serikali waliendelea kupata mishahara yao. Sisi wa shule za watu binafsi, ambao mishahara yetu ilitoka katika karo za wazazi, wengi wetu hatukupata kitu. Mwezi wa kwanza nilisema mambo yatatengenea. Mwezi wa pili nililipa kodi ya chumba kwa fedha ya mahari. Mwezi wa tatu niliuza kabati, kisha redio, kisha nikanunua unga kwa kilo moja moja, ambaye zamani nilinunua kwa mfuko.

Katika hayo yote sikumwambia mchumba wangu neno lolote.

Sikuamua kumnyamazia, hiyo ndiyo hila ya jambo hili. Alipopiga simu nilisema, "Niko salama." Alipouliza habari za shule nilisema, "Tunangoja." Maneno yangu yakawa machache, kisha yakawa mafupi, kisha nikaanza kuiacha simu ilie mpaka inyamaze, nami nimeishika mkononi. Siku moja, yamkini kwa kubahatisha hali yangu, alinitumia shilingi 500 kwa simu. Nilizirudisha dakika ile ile, bila salamu. Nilijiona mwanamume mwenye murua.

Wako waliokuwa na udhuru katika miezi ile. Tangu tarehe 6 Aprili mpaka mwanzo wa Julai watu walikatazwa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, na usiku kulikuwa na amri ya kutotembea. Wapendanao wengi walitenganishwa na vizuizi vya polisi. Mimi sikuwa na udhuru huo. Kutoka Kangemi mpaka Uthiru ni mwendo ambao mtu mzima aweza kuumaliza kwa miguu kabla jasho halijakauka shingoni, na hapakuwa na kizuizi kati yetu. Kizuizi nilikiweka mwenyewe.

Mwezi wa Agosti, mwezi ule ule wa mahari, nilipata kibarua katika jengo moja lililokuwa likijengwa Westlands. Kazi yangu ilikuwa kubeba kokoto na kuchanganya zege. Kazi ile haina aibu, na watu niliofanya nao kazi walikuwa waungwana; lakini mimi nilivaa aibu yangu mwenyewe, nikaja nayo kila asubuhi kama kofia. Siku moja, kabla ya adhuhuri, niliinua macho nikamwona mchumba wangu akija kwa miguu kando ya barabara, mfuko begani, barakoa usoni. Nilimjua kwa mwendo wake. Niliweka chini karai, nikaugeukia ukuta, nikasimama hivyo kama mtu akaguaye matofali, hata nilipodhani amekwisha kupita.

Shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wote tarehe 4 Januari 2021. Mwisho wa mwezi ule nilipokea mshahara, nikanyoa, nikavaa shati jeupe, nikaenda Mtaa wa Biashara nikiwa na kitambaa cha kichwa nilichokifunga kwa karatasi nzuri. Nilidhani naweza kuanza pale nilipoachia, kama mwalimu aanzavyo muhula. Alitoka, akanisalimu kwa adabu, tukaenda Jeevanjee tukakaa. Siku hiyo hakuniita Mwalimu. Aliniita kwa jina langu.

Nilimweleza yote: kodi, kabati, unga, kibarua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikuona Westlands. Nilisimama nikangoja ugeuke."

Sikuwa na la kujibu. Akaendelea, kwa sauti isiyo na ugomvi, kwamba katika miezi ile duka lilimkata nusu ya mshahara. Kwamba dada yake aliugua, naye akamwuguza peke yake. Kwamba zile shilingi 500 zilitoka katika nusu hiyo. "Wewe hukuyajua hayo," alisema, "kwa sababu hukuuliza." Alikichukua kitambaa, akakirudisha mapajani mwangu taratibu, akasimama. Nilimsindikiza kituoni. Alipanda matatu, nami nikabaki chini, ingawa njia yetu ilikuwa bado moja.

Hapo ndipo palipo na uchungu wangu mpaka leo. Nilidhani kunyamaza ni kuificha shida yangu isimguse. Sikufahamu kwamba mlango mmoja hufunga pande mbili: nilipomzuia asinione, nilijizuia mimi pia nisimwone. Alikuwa akizama umbali wa mwendo mfupi kutoka chumbani kwangu, nami nilikuwa nikijisifu kwa ustahimilivu.

Cha kuchekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba jambo hili nilifundishwa. Katika chuo cha ualimu tulisoma habari za Mary Ainsworth, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyelelewa Kanada. Mwaka 1954 alikwenda Kampala, akazuru mara kwa mara nyumba za akina mama 26 katika vijiji vya karibu, akiwatazama watoto wao 28 jinsi wanavyolia, wanavyoshika nguo ya mama, wanavyotambaa mbali naye na kurudi. Kitabu chake juu ya watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Baadaye, katika mji wa Baltimore, Marekani, alifanya jaribio ambalo limekuwa mashuhuri. Mtoto wa mwaka mmoja huachwa na mama yake kwa dakika chache katika chumba kigeni, kisha mama hurudi. Watoto wengi humkimbilia. Wachache hawamkimbilii, hutazama kando, huchezea kitu kilicho mkononi, kana kwamba aliyeingia ni upepo. Ungesema hawana haja naye. Lakini watafiti waliofuata walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, walikuta moyo unakwenda mbio ingawa uso umetulia.

Niliyaandika hayo katika mtihani nikapewa alama nzuri. Haikunipitikia kwamba mtoto yule aweza kuota ndevu akabeba kokoto Westlands. John Gottman, Mmarekani aliyechunguza mazungumzo ya mume na mke kwa miaka mingi, ameandika kwamba yule ajifanyaye jiwe wakati wa ugomvi mara nyingi moyo wake hupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, na kwamba wengi wa watu hao ni wanaume. Sisemi kila anyamazaye anapenda. Wako wanyamazao kwa sababu wamechoka kweli, na wengine hunyamaza ili mwenzao ateseke. Nasema yangu tu.

Mimi nilijifunza kwa baba. Katika miaka ya 1990, watu wengi walipopunguzwa kazini, naye alipunguzwa. Alirudi nyumbani, akaweka kiti nyuma ya nyumba, akakaa hapo miezi mingi akiutazama ua wa jirani. Mama alituambia, "Mwacheni baba yenu," nasi tukamwacha. Hakuna aliyetupiga wala kututukana. Tulijifunza tu kwamba mwanamume akipatwa na haya huachwa peke yake nayo, na kwamba kumwacha ndiyo heshima. Mama alikula fedha za nani katika miezi ile, na alilia wapi, sikupata kujua mpaka nilipokuwa mtu mzima nikamwuliza. Alishangaa kuulizwa.

Yule niliyemchumbia ameolewa, ana watoto. Jengo la Westlands limekwisha; lina vioo vingi, na magari ya barabara ya juu, iliyofunguliwa mwaka 2022, hupita karibu nalo. Ukuta niliougeukia umepigwa rangi.

Jumatatu iliyofuata niliingia kidato cha tatu, nikafunga kitabu, nikawaambia kwa maneno machache kwamba swali lile nililikimbia, kisha nikawasimulia habari hii, bila ya kutaja majina. Safari hii hawakucheka. Kengele ilipolia wakatoka, akabaki yule msichana, akikusanya vitabu vyake polepole.

"Mwalimu," alisema, "siku ile ungegeuka, ungemwambia nini?"

Nilifikiri. Nikamwambia kwamba ningemsalimu, na kwamba pengine ningesema sijala tangu jana.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Alitia vitabu mfukoni, akaniaga, akawafuata wenzake.