Kupiga Picha Radi Kutoka Ndani ya Gari

Juzi usiku tulikuwa tukitoka Kisii kwenda Kisumu, kaka yangu akiendesha, mimi na kamera kiooni. Upande wa Ziwa Victoria radi zilikuwa zinapasua anga. Kila nilipoona mwanga nilibonyeza, nikapata giza tupu. Kidole hakiiwezi radi!

Basi nikaacha shata wazi sekunde 4, tena na tena, bila kungoja. Picha 61, radi 2. Taa za magari zilitoka kama nyuzi, lakini radi haikuvurugwa na mwendo: mwanga wake ni mfupi mno.

Kaka akataka tushuke tupige vizuri. Nikakataa. Ukiwa ndani, vioo vimefungwa, bodi ya chuma huupitisha umeme nje yako hadi ardhini. Ukishuka, kinga imeisha. Picha nitapata nyingine. Kaka sina mwingine.