Viluwiluwi Waliozaliwa Angani

Nilipokuwa na umri kama wako, niliishi Lushoto, katika milima ya Usambara. Kila jioni tuliteka maji kijitoni bondeni, kisha tukapanda nayo mlimani. Ndoo iliyoponyoka haikusimama mpaka ifike chini kabisa. Hivyo niliujua mvutano wa dunia kwa miguu na shingo kabla sijausoma darasani.

Katika kijito hicho tulivua viluwiluwi wa chura, tukawatia katika chupa. Watazame wewe pia. Utaona baadhi yao hupanda, hugusa uso wa maji kwa kinywa, humeza hewa, halafu hushuka. Hewa hiyo huingia mapafuni. Dunia huyavuta maji kwa nguvu zaidi kwa kuwa ni mazito, ndiyo sababu hewa hukaa juu yake.

Je, itakuwaje mahali ambapo hakuna juu wala chini?

Mwezi wa Septemba 1992, wanaanga waliokuwa katika chombo Endeavour walilichunguza jambo hilo. Mmoja wao alikuwa Dakta Mae Jemison wa Marekani, ambaye hapo awali alifanya kazi ya udaktari Sierra Leone na Liberia. Walichukua vyura majike wanne wa aina itokayo kusini mwa Afrika. Usidhani kwamba huko mvutano wa dunia ulikuwa umekwisha. La! Chombo kiliizunguka dunia huku kikianguka daima, na vyote vilivyokuwamo vilianguka pamoja nacho. Kwa hiyo vilielea kama visivyo na uzito.

Yai la chura lina upande mweusi na upande mweupe. Hapa duniani, likisharutubishwa, upande mweusi hugeuka ukaelekea juu. Angani halikuwa na pa kuelekea. Hata hivyo mayai yalikua, na viluwiluwi wakaanguliwa, karibu sawa na hawa wetu. Lakini mapafu yao hayakujaa hewa. Hewa ilikuwamo, ila haikukaa juu ya maji, nao hawakuifikia. Waliporudishwa duniani, baada ya siku chache mapafu yao yakawa kama ya wenzao.

Wale wa kwetu niliwajazia maji mpaka mdomo wa chupa, nikaziba kwa kizibo ili wasimwagike. Asubuhi niliwakuta wamekufa wote, nami sikujua sababu. Ukiwachukua wako, acha chupa wazi, usiijaze, na jioni uwarudishe kijitoni.