Keki ya Chumvi

Neno keki lilipoingia katika Kiswahili liliingia na sukari yake. Hata mikate yetu ya mwambao iliyo jamaa wa keki, wa mayai, wa kumimina na wa sinia, yote ni mitamu. Wafaransa, waliolikopa neno hilo hilo kutoka kwa Waingereza, walilipa njia nyengine. Kwao ni jina la mkate mrefu uliookwa katika chombo cha pembe nne, nao upo wa sukari na upo wa chumvi. Huu wa pili hutiwa mboga na jibini, ukaliwa vipande vipande kabla ya mlo au ukafungwa kwa safari.

Ndio uliofika katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, mwezi wa Ramadhani, kwa mjukuu aliyejifunza upishi katika jiko la hoteli. Bibi yake alikuwa na maradhi ya sukari. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa mkate wa mayai, akiwagawia majirani. Alipokatazwa sukari aliendelea kuoka bila ya kuonja, kisha akaacha kabisa. Sahani za majirani zikawa zinaingia kwake na futari na kurudi na tende za dukani, jambo lililomuuma kuliko sindano.

“Keki ya mumunye na jibini? Kwani sukari imekwisha madukani?”

“Jaribu, Bibi. Ukiikataa nitaila mimi.”

Mjukuu akapima: unga gramu 200, mayai 3, mafuta mililita 100, maziwa kiasi hicho hicho, jibini ya kopo iliyokunwa gramu 100, na poda ya kuumulia. Bibi hakuijali mizani. Aliuliza jambo moja tu: “Na maji ya mumunye?”

Swali hilo ndilo roho ya upishi wenyewe. Mumunye lililokunwa hutoa maji, na yakiachwa, keki hubaki nzito na mbichi katikati hata ikiwa nje imekwisha kupiga wekundu. Bibi akalitia chumvi, akalisubiri, akalikamua kwa kiganja kama anavyokamua vitunguu vya kachumbari. Karoti na pilipili boga akazikaanga kidogo zikauke. Chumvi nyengine hakutia, kwa kuwa jibini ina yake. Kilichompa tabu ni kukoroga: unga huu huchanganywa mpaka usionekane mkavu, basi, ukizidi kupigwa hutoa mkate mgumu. Mkono uliozoea kupiga mayai mpaka yakaumuka haukupenda kusimamishwa.

Kwa oveni ni digrii 180, dakika 45 hivi. Nyumba ile haikuwa na oveni. Ilikuwa na sufuria nzito, makaa machache chini na mengi yaliyopaliwa juu ya kifuniko, hesabu ile ile ya mkate wa kumimina. Lakini jibini huungua upesi. Harufu ilipobadilika bibi akapunguza makaa ya juu kabla mjukuu hajatazama saa. Kijiti kikatoka kikavu. Wakaiacha ipoe, kwani keki hii ikikatwa moto humeguka.

Isidhaniwe kuwa ni dawa. Unga mweupe nao hugeuka sukari mwilini, na kipande cha bibi kilikuwa kimoja, chembamba, cha kuhesabiwa. Hata hivyo alikila mbele ya wageni wake, kutoka katika sinia yake mwenyewe, akasema pilipili manga haikutosha. Ilikuwa miaka mitatu tangu aseme neno kama hilo juu ya chakula alichokioka.

Vipande vinne vikafunikwa kwa kawa, vikapelekwa nyumba ya pili. Mtoto akarudi mbio kuuliza kitu kile kinaitwaje.

“Waambie mkate wa mboga,” bibi akasema, maana keki hakukubali kuiita.

Usiku sahani ikarejea, imejaa visheti. Bibi akacheka, akamsogezea mjukuu.