Nilipojipunguzia Miaka Miwili Bila Kujua

Mpenzi msomaji, sisi Wapare tunasifiwa kwa mambo mawili: kula makande na kupenda kesi. Watani wetu wanasema eti Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Haya, waache waseme. Leo nakupa kisa cha Mpare aliyeponea chupuchupu kujitafutia kesi na serikali, na Mpare mwenyewe ni mimi.

Ilikuwa mwaka 1989. Nilikuwa nasukuma mwaka wa pili mjini Same bila kazi ya maana. Leo nabeba mizigo stendi, kesho nashinda kijiweni nahesabu mabasi yanayopita kwenda Moshi na Dar. Same unaijua: jua kali, upepo na vumbi. Ukiwa na njaa, lile jua linakuwa mawili.

Basi bwana, siku moja nikaitwa kwenye ofisi moja ya umma. Nafasi ya ukarani wa masijala imepatikana, njoo ujaze fomu. Nilifika nimechomekea shati la kuazima, kalamu nayo ya kuazima. Wakati ule wengi wetu wa milimani hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo nikachomoa cheti changu cha ubatizo, nikanakili tarehe. Mwisho wa fomu kulikuwa na maneno makali: nathibitisha kwamba niliyoandika ni kweli, na ikibainika nimedanganya nitafukuzwa kazi na kushitakiwa. Nikasaini bila hata kupepesa macho. Kwani nimemdanganya nani?

Karani akanikumbusha kwamba Jumatatu mchana mafaili yanapelekwa mkoani, Moshi.

Ijumaa nikadandia lori, tukapita Mwembe, tukaanza kupanda. Ukifika kwetu Mbaga, lile joto la Same unalisahau kabisa. Unakaribishwa na ukungu wa Shengena na harufu ya moshi wa kuni. Jioni tumezunguka sufuria ya makande, mimi nikawa natamba. Nikamwambia mdogo wangu, "Mimi mtu wa sitini na sita, nakwenda kukalia kiti cha ofisi."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu.

"Sitini na sita? Hiyo ni ya maji, mwanangu! Ulikwenda ubatizoni kwa miguu yako mwenyewe. Wewe ni wa sitini na nne. Nchi imeungana Aprili, wewe ukaja Mei."

Nikakimbilia cheti. Lahaula! Kulikuwa na mistari miwili. Wa juu, amezaliwa: Mei 1964. Wa chini, amebatizwa: Desemba 1966. Baba alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, mama akamsubiri arudi ndipo nibatizwe. Mimi kwa kiherehere cha kazi nikanakili mstari wa chini. Makande yakanikwama kooni.

Usiku ule sikulala. Jamaa yangu mmoja, tuliyekua naye, nilipomsimulia kesho yake alinitazama kama mwendawazimu.

"We vipi? Umejipatia miaka miwili ya bure kabla ya kustaafu, halafu unataka kuirudisha? Wenzako wanaitafuta kwa hela! Ukienda kusema watakuona mwongo, kazi wampe mwingine. Nyamaza zako."

Sitakudanganya, mpenzi msomaji, maneno yale yaliniingia. Kazi nilikuwa naihitaji kuliko hewa. Mama alikuwa bado anabeba maharage kichwani kwenda gulioni ili wadogo zangu wasome. Nikisema, huenda nikaikosa. Nikinyamaza, nani atajua? Mama, mimi na yule mchungaji aliyenimwagia maji.

Jumapili jioni mama akaniuliza jambo moja tu: "Ulipoandika ulikuwa unajua?" Nikamwambia sikujua. Akasema, "Basi mpaka jana ulikuwa umekosea. Kuanzia leo unaongopa."

Jumatatu alfajiri niko juu ya lori, nashuka. Njiani nikawaza, mwaka 1945 wazee wetu walishuka hapa Same kwa maelfu kuipinga kodi ya mbiru ya Mwingereza. Mimi nashuka peke yangu kuipinga karatasi niliyoijaza kwa mkono wangu. Nilijiona kituko.

Afisa utumishi alikuwa mzee mmoja mwenye miwani mizito. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kuwa nimekosea tarehe ya kuzaliwa. Akavua miwani.

"Umekuja kupunguza au kuongeza?"

"Kuongeza, mzee. Miaka miwili."

Akacheka peke yake kwa muda mrefu. "Kijana, miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki, wanaokuja hapa kurekebisha umri wanakuja kupunguza. Wewe ni wa kwanza kuja kujizeesha."

Nikamwomba raba nifute. Hapo ndipo alipoacha kucheka. "Hapana! Usifute kamwe. Ukifuta, atakayesoma baadaye atajiuliza ulikuwa unaficha nini. Likate kosa kwa mstari mmoja, lisomeke. Andika lililo sahihi pembeni, weka sahihi na tarehe ya leo." Akanipa karatasi mbili na kaboni, nikaandika barua fupi: nilikosea nini, nilikosea vipi, ukweli ni upi, uthibitisho ni huu. Akagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Faili likaenda Moshi na kovu lake likionekana wazi. Wiki chache baadaye nikapata kazi.

Masijala nimekaa miaka 35. Nimefunika na kufunua mafaili mpaka vidole vikaota sugu, na nimejifunza kitu kimoja: kosa ukilisema mwenyewe ni kosa; likigunduliwa na mwingine, linaitwa kughushi. Maneno yaleyale, karatasi ileile, tofauti ni nani amewahi kusema.

Unakumbuka Aprili 28, 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi? Uhakiki ule ulikuwa wa vyeti vya shule, si wa tarehe za kuzaliwa, lakini nani aliangalia hilo? Kila mtu alikwenda kupekua makabrasha yake kwa hofu. Mimi nilifungua sanduku la bati, nikaitazama ile nakala ya kaboni iliyofifia, mhuri bado unaonekana. Usiku ule nililala.

Vijana wa siku hizi mnaomba kazi serikalini kwa kompyuta, kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, lakini mikono inayobonyeza ni ileile yenye kiherehere. Cheti cha shule kinasema Elieza, cha kuzaliwa Eliezeri, kitambulisho cha NIDA Eliazari. Usisubiri uulizwe. Jina likitofautiana, nenda kwa wakili au hakimu ule kiapo. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, RITA wapo. Likiwa kwenye kitambulisho, anza na NIDA. Ukishaandika barua, tunza nakala yenye mhuri kama unavyotunza hela. Na tafadhali, ule wino mweupe wa kufutia waachie watoto wa shule.

Mwaka 2024 nilitimiza miaka 60, nikastaafu kwa lazima kama sheria inavyotaka. Yule jamaa yangu alinipigia simu siku ileile: "Ungenisikiliza, ungekuwa bado unakula mshahara mpaka 2026!" Ni kweli, na sitajifanya mtakatifu: siku nilipopokea barua ya kustaafu nilipiga hesabu ya ile miezi 31, ikaniuma.

Lakini tarehe zangu zilisomeka sawasawa kila mahali. Wapo wenzangu waliokuwa na tarehe mbili kwenye karatasi, wameota mvi nyingine wakifuatilia mafao. Mimi niko Mbaga, nalima tangawizi. Na mama yangu alipofumba macho, alikuwa anajua amezaa mtoto mwaka gani.

Haya, mpenzi msomaji, kabla hujalala leo hebu chomoa vyeti vyako uvisome. Mstari wa juu kwanza.