Mahindi Katika Nchi ya Chai

Msafiri atokaye Kericho kwenda Bomet kwa njia ya Litein huona chai tupu mwanzoni, chai ya makampuni, iliyokatwa sawasawa kama zulia. Mbele kidogo huanza vipande vya wenyeji, na hapo, nyuma ya kila nyumba, pamesimama mahindi. Chai huenda kiwandani, bali mahindi huenda jikoni yakawa kimnyet, chakula kiliwacho kwa mboga na mursik.

Mkulima wa Trans Nzoia ayaonapo mahindi hayo hutabasamu. Kwao mahindi ndiyo fedha: nchi ni tambarare, mashamba ni mapana tangu siku za masetla, na kiangazi cha mwisho wa mwaka hukausha magunzi shambani. Mbegu chotara nambari 611, iliyotolewa mwaka 1964, ilitoka huko huko Kitale. Kericho mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Chai huifurahia, lakini mahindi hukawia kukauka na huoza upesi ghalani. Tena shamba ni dogo, limegawanywa kwa wana na wajukuu.

Hata hivyo lingekuwa kosa kudhani kwamba Wakipsigis hawakujua kuuza mahindi. Chakula chao cha kale kilikuwa wimbi. Baada ya vita vya 1914–1918 sehemu ya nchi yao walipewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Kazi hiyo haikufaulu, na katikati ya miaka ya 1920 zikaja kampuni za Brooke Bond na Finlay na miche ya chai. Vibarua wa mashamba hayo walihitaji posho. Ndipo Wakipsigis, ambao hawakuruhusiwa kupanda chai, walipofunga maksai kwenye plau, wakalima mahindi na kuwauzia wale wale waliochukua ardhi. Biashara hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake, lakini ilileta fedha.

Ruhusa ya kupanda chai ilipokuja mwishoni mwa utawala wa kikoloni, na shirika la KTDA lilipoundwa mwaka 1964, udongo bora ulipewa chai. Mahindi yakarudi nyuma ya nyumba. Si kwamba hayauzwi kabisa: mama mwenye karo ya kulipa hupima gorogoro kadhaa sokoni wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha miezi ya njaa hununua gorogoro zile zile kwa bei ya juu. Hiyo haistahili kuitwa biashara.

Kusini, upande wa Longisa, mvua hupungua na chai huwa haba. Huko mahindi ndiyo tegemeo. Na huko huko, Septemba 2011, uligunduliwa ugonjwa ambao haukuwa umeonekana Kenya. Majani yalianza kukauka pembeni, magunzi yakabaki bila punje. Wataalamu walikuta virusi viwili vikishirikiana katika mmea mmoja. Ugonjwa ulienea mbali, hata nchi jirani. Wakulima waliambiwa waache mahindi kwa msimu, wapande viazi na maharagwe. Mwenye chai alinunua unga kwa fedha za majani yake. Yule wa Longisa aliyepanda ili ale hakuwa na majani ya kupeleka kiwandani; aliwakatia ng'ombe mabua, akaenda kutafuta mbegu ya viazi.