Ukifika Pomona, ziba masikio!

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Basi huko Pomona, mji ulio takriban kilomita 50 mashariki ya Los Angeles nchini Marekani, kuna mbio za magari zinazokwisha mita 402 tu kutoka zilipoanzia. Hata hivyo, maelfu ya watu hulipa kiingilio na kwenda na watoto wao kuzitazama.

Usitarajie kona, tope wala vumbi kama katika Safari Rally. Utakachokiona ni barabara moja iliyonyooka kama rula, katika viwanja vya maonyesho vya Kaunti ya Los Angeles, huku milima ya San Gabriel ikionekana upande wa kaskazini. Magari hukimbia mawili mawili. Kabla hujaketi, tembea kwanza mahali mafundi wanapoyatengeneza, kwani katika mashindano makubwa kila mwenye tiketi huruhusiwa kuingia huko.

Hapo utakutana na wazee wa kazi: Pontiac GTO iliyoanza na modeli ya 1964, Chevrolet Camaro, Ford Mustang, Dodge na Plymouth. Haya yalikuwa magari ya kawaida ya kwendea kazini na sokoni, ila viwanda viliyatia injini kubwa kupita kiasi. Injini ya Hemi ya mwaka 1966 kutoka Chrysler, kwa mfano, ilikuwa na ujazo wa lita 7!

Labda wadhani fundi huanza kwa kuiongezea injini hiyo nguvu. La hasha! Fundi mwenye akili huanza nyuma, kwenye magurudumu yanayolisukuma gari. Nguvu nyingi juu ya matairi ya kawaida huishia kuwa moshi na kelele, gari likisuasua pale pale. Kwa hiyo huweka matairi mapana ya mpira laini, yasiyo na meno, na kuyapunguza upepo ili yaishike lami. Chini ya gari huunga vyuma vya kuzuia ekseli ya nyuma isijipinde. Betri huitoa mbele na kuihamishia kwenye buti, uzito ukae juu ya magurudumu ya nyuma. Boneti ya chuma hubadilishwa kwa nyingine nyepesi ya faiba. Meno ya difu nayo hubadilishwa ili gari lichomoke haraka, hata kama kwa safari ndefu litakunywa petroli kama ngamia anywavyo maji.

Hapo ndipo injini hufikiwa: kabureta kubwa zaidi, mabomba mapana ya kutolea moshi, na pengine pampu ya kushindilia hewa ndani. Na kadiri gari linavyozidi kasi ndivyo sheria zinavyodai kinga zaidi: helmeti, mikanda imara, na kizimba cha vyuma kumzunguka dereva.

Sasa keti utazame. Dereva kwanza huzungusha matairi ya nyuma juu ya maji hadi yapate moto na kunata. Kisha magari mawili husimama mbele ya nguzo ya taa. Ikiwaka ya kijani, ziba masikio! Atakayeondoka mapema huwashiwa nyekundu, na ameshindwa. Katika baadhi ya mashindano kila dereva hutaja mapema muda atakaotumia, na mwenye gari la polepole hutangulizwa. Hivyo gari kuukuu la baba laweza kulishinda la tajiri.

Lakini kwa nini uwanja huu ukawapo? Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa California walikuwa wakishindana usiku katika barabara za umma, na watu wakifa. Mwaka 1951 mwandishi wa habari za magari, Wally Parks, aliunda chama cha NHRA ili kuwaondoa huko. Mwaka 1953, mwaka ule ule mbio zetu za Safari zilipoanza, chama hicho kiliandaa mashindano yake ya kwanza rasmi Pomona, katika eneo la kuegeshea magari, kwa ushirikiano wa polisi wa mji. Tangu 1961 mashindano yake ya Winternationals yamekuwa yakifanyika papo hapo.

Nawe kijana unayesoma haya, usidanganyike ukadhani Thika Road usiku wa manane ni Pomona. Kule hakuna matatu inayoingia barabarani ghafla wala mama anayevuka na mtoto mgongoni. Nanyi wazazi, mwana akipenda magari msimkemee bure. Polisi wa Pomona hawakuishia kuwakamata vijana wao. Waliwasaidia kupata mahali pa kukimbilia.