Istihadha: Neno Lingojalo Tabibu

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, mwanamke hasemi waziwazi kwamba atokwa na damu; husema ameingia mwezini. Tafsida hiyo ni ya heshima, lakini huweza kusetiri maradhi. Hata hivyo, lugha haikumnyima neno. Katika chuo cha Kurani wengi hufundishwa kutenga hedhi, nifasi na istihadha, yaani damu ya ugonjwa, itokayo nje ya nyakati hizo. Fikihi humwamuru mwenye istihadha aendelee kusali. Busara humwamuru pia amwone tabibu. Chanzo chaweza kuwa homoni zilizovurugika, mimba inayoharibika, uvimbe katika mji wa mimba, maambukizi au saratani ya mlango wa kizazi. Bibi aliyekoma hedhi akiona damu tena, asingoje. Neno analo; limebaki kutamkwa hospitalini.